Mlima wa Ugali, Kijiko cha Kitoweo: Mwongozo wa Protini, Nishati na Uzito kwa Familia

Saa mbili usiku ugali unapakuliwa. Sinia limejaa, na pembeni kuna kibakuli cha mchuzi chenye vipande vinne vya nyama kwa watu sita. Baba anapata viwili. Siku ya kuku, hakuna anayeuliza firigisi ni ya nani. Mama anachovya, watoto wakubwa wanagawana kilichobaki, na mdogo wa miaka miwili analishwa tonge lililolowa mchuzi. Wote wanalala wameshiba. Lakini kadi ya kliniki ya huyo mdogo ina mstari uliolala tangu alipoachishwa ziwa, na magauni ya mama yanazidi kumbana mwaka hadi mwaka.

Kudumaa na kunenepa vinakaa nyumba moja. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto uliofanyika Tanzania mwaka 2015–16 ulikuta asilimia 34 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Katika utafiti huohuo asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo, na asilimia 10 walikuwa wembamba kupita kiasi. Kenya, mwaka 2014, mwanamke mmoja kati ya watatu wa umri huo alikuwa amezidi uzito.

Mara nyingi chanzo ni kimoja: wanga mwingi, mafuta na sukari visivyopimwa, na kitoweo kidogo kinachogawanywa kwa kufuata cheo cha mlaji. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kwenye sinia. Mizani itafuata.

KWA NINI MWILI UNADAI PROTINI KILA SIKU

Mafuta yanayozidi mwili huyaweka akiba, na kila mwenye kitambi anaijua akiba hiyo inakaa wapi. Protini haina ghala la namna hiyo. Kila siku mwili unabomoa na kujenga upya misuli, damu, ngozi, kinga na vimeng'enya vya kusaga chakula, na vifaa vya ujenzi visipoletwa kwa mdomo unavichukua kwenye misuli. Ndivyo mtu anavyoweza kushiba kila siku na bado mapaja yake yakapungua.

Vifaa hivyo vinaitwa asidi amino. Ziko 20, na 9 kati yake mwili hauwezi kuzitengeneza. Lazima zitoke kwenye chakula. Mahindi yana upungufu wa mbili, laisini na triptofani. Ngano nayo ina laisini kidogo. Maharage, kunde, mbaazi na choroko zina laisini tele, lakini zimepungukiwa methionini, ambayo nafaka inayo. Kwa hiyo makande ya Upareni, au mbaazi za nazi na mahamri asubuhi ya Mombasa na Unguja, ni milo iliyokamilishana yenyewe. Si lazima vyakula hivyo viwili vikutane kwenye tonge moja. Vikiliwa siku moja vinatosha.

Ubaya wa kukosa protini uliandikwa mapema na daktari mmoja aliyefanya kazi Gold Coast, nchi inayoitwa Ghana leo. Mwaka 1933 Cicely Williams alieleza ugonjwa wa watoto waliovimba miguu, nywele zimebadilika rangi na ngozi inabanduka. Walikuwa wameachishwa ziwa na kulishwa uji wa mahindi. Miaka miwili baadaye alitumia jina ambalo Waga wenyewe walikuwa nalo, kwashiorkor, ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa nafasi yake mdogo wake anapozaliwa. Kwa Kiswahili ugonjwa huo huitwa kwashakoo au unyafuzi.

Afrika Mashariki nayo ina neno lake, na neno hilo limeumiza watoto wengi. Mtoto akinyong'onyea mama akiwa na mimba nyingine, watu husema amebemendwa, yaani wazazi wamevunja mwiko wa kukutana kimwili kabla ya kunyonyesha kukoma. Aibu hiyo humfanya mama amfiche mtoto ndani badala ya kumpeleka kliniki. Kama unamjua mama wa namna hiyo, mwambie waziwazi: mtoto huyo anahitaji chakula na matibabu, na hakuna kosa la chumbani linaloweza kumvimbisha miguu.

Kuna funzo la pili, ambalo wataalamu walichelewa kulikubali. Kwa muda mrefu baada ya Williams, mashirika makubwa yalihubiri protini peke yake. Mwaka 1974 Donald McLaren aliandika katika jarida la Lancet kwamba hilo lilikuwa kosa kubwa, kwa sababu watoto wengi walikuwa wanakosa chakula chote kwa jumla. Mwili wenye njaa ya nishati huchoma protini kama kuni. Mtoto anayepewa yai moja huku anashinda na njaa, sehemu ya yai hilo inateketea kabla haijajenga kitu.

HATUA YA KWANZA: JIPIME

Vifaa ni vitatu: mizani, ukuta na futikamba ya fundi cherehani.

1. Pima uzito asubuhi, ukitoka msalani, kabla ya chai, ukiwa na nguo nyepesi. Mara moja kwa wiki inatosha. Anayepanda mizani kila siku anasumbuliwa bure na maji na chumvi.

2. Pima urefu bila viatu, visigino na mgongo vikigusa ukuta.

3. Pima kiuno katikati ya ubavu wa chini kabisa na juu ya mfupa wa nyonga. Pumua nje kawaida. Usivute tumbo ndani.

4. Gawa uzito kwa kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe. Mama mwenye kilo 70 na urefu wa mita 1.60 anazidisha 1.60 kwa 1.60, anapata 2.56. Kisha 70 gawa kwa 2.56 ni 27.3.

SANDUKU: NAMBA ZINASEMA NINI (watu wazima)
Chini ya 18.5: uzito pungufu
18.5 hadi 24.9: uzito wa afya
25 hadi 29.9: uzito uliozidi
30 na kuendelea: kiribatumbo
Kiuno cha kuanza kuangalia: sentimita 80 kwa mwanamke, 94 kwa mwanamume
Kiuno cha hatari zaidi: sentimita 88 kwa mwanamke, 102 kwa mwanamume

Kwa mama huyu, uzito wa afya uko kati ya kilo 47 na 64 hivi. Nafasi hiyo ni pana. Wanawake wawili wenye urefu mmoja wanaweza kupishana kilo 15 na wote wakawa sawa.

Tahadhari: kipimo hiki cha uwiano wa uzito na urefu kilibuniwa na Adolphe Quetelet, mwanatakwimu wa Ubelgiji wa karne ya 19, kwa ajili ya kuchunguza jamii nzima, wala hakikukusudiwa kumpima mgonjwa mmoja. Hakitofautishi mnofu na mafuta. Usikitumie kwa mjamzito. Mtoto anasomwa kwenye kadi yake ya ukuaji. Na kama kiuno na uwiano vinapingana, kiamini kiuno zaidi, kwa kuwa mafuta ya tumboni ndiyo yanayoambatana zaidi na kisukari na magonjwa ya moyo.

HATUA YA PILI: PIGA HESABU YA PROTINI

Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo, katika ripoti yao ya mwaka 2007, waliweka kiwango salama cha mtu mzima kuwa gramu 0.83 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mama wa kilo 70 anahitaji gramu 58. Kijana wa kilo 60 anahitaji gramu 50. Wengine wanahitaji zaidi:

• Mjamzito: gramu 9 hadi 10 za ziada kila siku katika miezi mitatu ya kati, na 31 za ziada katika miezi mitatu ya mwisho.
• Anayenyonyesha: gramu 19 hivi za ziada katika miezi sita ya kwanza.
• Mzee: gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kilo, kwa kuwa misuli ya uzeeni haiitikii protini kwa wepesi kama ya ujanani.
• Anayenyanyua vyuma: gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kilo. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyotoka mwaka 2018 yalionyesha kwamba kupita 1.6 hakuongezi misuli. Kijana wa kilo 65 anafika gramu 104 kwa mayai, maharage, dagaa na maziwa. Halazimiki kununua unga wa kopo.
• Mtoto wa miaka miwili mwenye kilo 12: gramu 12 tu. Ni kama yai moja na robo tatu ya kikombe cha maziwa. Kiasi hicho ni kidogo sana, na ndiyo maana inauma kuona anakikosa.

Mwenye ugonjwa wa figo asitumie hesabu hizi kabla ya kuzungumza na daktari wake. Kiwango chake kinaweza kuwa cha chini, na anayesafishwa damu kwa mashine anahitaji cha juu. Mwenye gauti naye aulize kwanza kuhusu dagaa, maini na figo.

KARATASI YA SOKONI

Nakili orodha hii uiweke kwenye pochi. Ni gramu za protini, kwa makadirio, unazopata ukinunua:

• Dagaa wakavu, kilo 1: zaidi ya 500
• Soya kavu, kilo 1: 360
• Karanga, kilo 1: 250
• Maharage makavu, kilo 1: 210
• Nyama ya ng'ombe bila mfupa, kilo 1: 200
• Mayai, trei ya 30: 180
• Samaki mbichi mzima, kilo 1: 100 (karibu nusu yake ni mifupa, kichwa na matumbo)
• Unga wa dona, kilo 1: 80
• Maziwa, lita 1: 32
• Unga wa muhogo, kilo 1: 15 au pungufu

Maharage na nyama vinakaribiana. Wengi hawaamini, lakini ndivyo ilivyo vikipimwa kabla ya kupikwa. Protini ya nyama inasagika vizuri zaidi tumboni, kwa hiyo anayetegemea maharage aongeze kidogo. Bei, hata hivyo, inaamua mengi. Gawa bei kwa gramu. Kilo ya maharage ikiwa shilingi 3,000, kila gramu ya protini inagharimu shilingi 14. Kilo ya nyama ikiwa shilingi 12,000, gramu moja ni shilingi 60. Weka bei za soko lako na uone mwenyewe.

Hesabu ya nyumba nzima inafundisha zaidi. Chukua familia ya watu watano: baba wa kilo 65, mama wa kilo 60, kijana wa kilo 50, mtoto wa kilo 25 na mdogo wa kilo 12. Kwa pamoja wanahitaji gramu 185 hivi za protini kwa siku. Kilo moja ya unga wa dona inatoa 80. Nusu kilo ya maharage inatoa 105. Jumla, 185. Ongeza kiganja cha dagaa au mayai mawili kwa ajili ya wadogo, na pengo la usagaji limezibwa. Familia hiyo haijanunua nyama, na hakuna aliyepungukiwa, ilimradi maharage yagawanywe kwa mahitaji.

Lakini kilo hiyo ya unga na nusu kilo ya maharage hutoa kalori 5,200 tu, na watu hao watano wanahitaji zaidi ya 8,000. Zinazobaki zitoke kwenye uji wa asubuhi, viazi, mihogo, ndizi, matunda na mafuta kidogo. Zisipotoka kokote, protini itachomwa.

Namna ya kupanga siku moja ya mama wa kilo 70:

Asubuhi: kikombe cha maziwa (8), yai (6), kipande cha mkate au chapati ndogo (4).
Mchana: wali gramu 200 (5), kikombe cha maharage yaliyoiva (15), mchicha (3).
Usiku: ugali wa gramu 100 za unga (8), kiganja cha dagaa wakavu, gramu 25 (13), kisamvu au matembele (2).
Jumla: gramu 64. Lengo lilikuwa 58.

SANDUKU: JIKONI
Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji yake, weka mengine. Gesi inapungua na kuni zinaokolewa. Yakianza kuchemka, yaache yatokote kwa nguvu dakika 10 kabla ya kupunguza moto. Maharage mekundu yaliyoiva nusu huleta kutapika. Dagaa chagua waliokaushwa juu ya chanja. Wa chini huja na mchanga na uchafu. Karanga na mahindi yenye ukungu, au yaliyobadilika rangi, usile wala usimpe kuku: sumukuvu haiondoki kwa kupika. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya, wengi wao Makueni na Kitui.

HATUA YA TATU: IONE NISHATI

Gramu ya wanga ina kalori 4, ya protini 4, ya mafuta 9, na ya pombe 7. Mwili unaochukua zaidi ya unachotumia huweka akiba. Unaochukua pungufu huila akiba hiyo. Mama yule wa kilo 70, akiwa na miaka 40 na kazi ya kukaa dukani, anatumia kalori 2,000 hivi kwa siku. Angekuwa analima kwa jembe angefika 2,400 au kupita. Ugali ule ule unaomnenepesha muuza duka unamtosha mkulima wa masika. Kwa hiyo usimkataze mkulima, kuli au fundi mwashi ugali wake kwa sababu ya ushauri aliopewa mtu wa ofisini.

Wengi wakinenepa hukimbilia mazoezi. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, wanatoa jibu la kushangaza. Wanawake wanachimba mizizi na wanaume wanawinda na kurina asali, kila siku kwa miguu. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya nishati iliyotumiwa na Wahadzabe 30, watu wazima. Walipozingatia ukubwa wa mwili, matumizi yao ya siku hayakupishana na ya watu wa Marekani na Ulaya wanaoshinda kwenye viti. Mwili unaotembea sana hubana matumizi kwingine. Mazoezi yana faida kubwa kwa moyo, sukari ya damu, usingizi na misuli, na hakuna wa kuyaacha. Kitambi, hata hivyo, kinapunguzwa hasa jikoni.

Na jikoni kipimo rahisi ni dumu la mafuta. Lita moja ina kalori 8,000 na ushei. Andika kwa kalamu kwenye dumu tarehe ulipolifungua. Watu watano wakimaliza lita kwa siku 4, kila mmoja amekula kalori 400 na kitu za mafuta kila siku. Lita hiyo ikifika siku 8, kila mmoja amepunguza 200 bila kupunguza tonge hata moja. Mtoto aliye chini ya miaka miwili usimhesabu humo: yeye anahitaji mafuta, na uji wake uongezewe.

Sukari inafuata. Vijiko vidogo vitatu kwa kikombe, vikombe vinne kwa siku, ni gramu 48 na kalori karibu 200. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongezwa isipite gramu 50 kwa siku, na ikishuka hadi 25 ni bora. Chai peke yake imemaliza. Soda ya mililita 500 ina gramu 50 hivi, na tumbo halihesabu soda kama chakula. Aliyeinywa atakula kama kawaida.

UKITAKA KUPUNGUA

1. Weka lengo la asilimia 5. Kwa kilo 70 ni kilo 3 na nusu. Hata kiasi hicho kinashusha presha na sukari kwa wengi. Nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri. Kupita kilo moja kwa wiki si salama bila daktari.

2. Kata mafuta ya kupikia nusu, ondoa soda, shusha sukari ya chai kijiko kimoja kila wiki mbili. Fanya hivyo kabla hujagusa kitu kingine.

3. Pandisha kitoweo hadi gramu 1.2 za protini kwa kilo. Kwa mama yetu ni gramu 84: kikombe kingine cha maharage na yai la pili vinamfikisha hapo. Kosa kubwa kuliko yote katika kupungua ni kuacha maharage na samaki pamoja na ugali. Anayefanya hivyo hupoteza misuli, na misuli ikipungua mwili unahitaji chakula kidogo zaidi kuliko mwanzo. Kilo zinarudi haraka, safari hii zikiwa mafuta.

4. Gawa sahani: nusu mboga za majani na matunda, robo kitoweo, robo ugali au wali. Anza na mboga na kitoweo. Protini inashibisha zaidi na inakaa tumboni.

5. Tumia misuli mara mbili kwa wiki: chuchumaa na kusimama mara 12, sukuma ukuta mara 12, nyanyua ndoo yenye maji mara 12, kisha rudia. Siku nyingine tano tembea kwa kasi dakika 30.

6. Usilale njaa. Mwaka 1944 hadi 1945 Ancel Keys aliwapunguzia chakula wanaume 36 waliojitolea huko Minnesota, Marekani, kwa miezi sita. Walipoteza karibu robo ya uzito, na pamoja nao furaha, usingizi na utulivu. Mchana kutwa waliwaza chakula. Mlo wa maji na tango haudumu, na sababu inajulikana.

UKITAKA KUONGEZEKA

Uswahilini mtu mwembamba huulizwa maswali mengi. Mke akikonda watu humsema mume. Kijana akikonda hushukiwa ugonjwa. Lawama hizo zimewasukuma wengi kwenye vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa kimyakimya. Vingi vina deksamethasoni au siproheptadini. Ya kwanza hujaza uso maji na kumfanya mtu aonekane amenawiri, huku inapandisha sukari, inadhoofisha mifupa na kulemaza tezi zinazotengeneza homoni ya mwili yenyewe. Usivianze. Kama umevitumia kwa wiki kadhaa, usiache ghafla: nenda hospitali na pakiti mkononi, ueleze ukweli wote. Chai za kupunguza tumbo ni ndugu zake. Nyingi ni dawa za kuharisha. Zinatoa maji, mafuta yanabaki palepale.

Njia ya chakula ni hii: ongeza kalori 300 hadi 500 kwa siku juu ya milo ya kawaida. Kiganja cha karanga ni 170, kikombe cha maziwa 150, nusu parachichi 140 hivi. Pika uji mzito, koroga karanga za kusaga ndani. Fanya mazoezi ya nguvu yaleyale, ili kinachoongezeka kiwe mnofu.

WATOTO NA WAZEE

Tumbo la mtoto ni dogo, na uji mwepesi unalijaza maji. Maziwa ya mama pekee hadi miezi sita. Kisha chakula cha kulikiza na kunyonya viendelee pamoja hadi miaka miwili au zaidi. Kuanzia miezi tisa apewe milo 3 hadi 4 kwa siku na kitu cha katikati. Uji usimame kwenye kijiko. Mpakulie kwenye sahani yake mwenyewe, uone amekula nini. Kwenye sinia la wote hawezi kushindana na kaka zake. Maharage yapondwe, dagaa wasagwe, yai lichanganywe. Mjamzito naye ale mayai. Mtoto hazaliwi na upara kwa sababu ya yai.

Bibi na babu wasio na meno huishia kwenye chai na mkate. Wapeni mtindi, samaki aliyechambuliwa mifupa, mchuzi wa karanga, choroko zilizosagika. Mzee anayeshindwa kusimama bila kushika kiti pengine misuli yake imepungua, na hilo lina msaada. Msiliache kwa kusema ni umri.

SANDUKU: HAYA USISUBIRI, NENDA KITUO CHA AFYA
☐ Bonyeza kwa kidole gumba juu ya miguu yote miwili ya mtoto kwa sekunde tatu. Shimo likibaki kote kuwili, nenda leo.
☐ Mzingo wa mkono wa juu wa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 uko chini ya sentimita 11.5. Kati ya 11.5 na 12.5 naye apelekwe wiki hiyo.
☐ Mtoto anakataa kula au kunyonya, amelegea.
☐ Mtu mzima amepungua zaidi ya asilimia 5 ya uzito ndani ya miezi 6 hadi 12 bila kukusudia. Kifua kikuu, kisukari na magonjwa mengine huanza hivyo.
☐ Kiu kali, kukojoa mara kwa mara na kukonda kwa pamoja.

ORODHA YA JUMAMOSI
☐ Uzito umeandikwa ukutani
☐ Tarehe ya dumu la mafuta imeandikwa
☐ Aina mbili za jamii ya kunde zimenunuliwa, na dagaa au mayai
☐ Mdogo ana sahani yake
☐ Kitoweo kimegawanywa kuanzia kwa mtoto, mjamzito na anayenyonyesha, kisha wengine

Kipengele cha mwisho ndicho kigumu, kwa kuwa kinagusa heshima ya mezani. Baba akianza yeye kumwekea mdogo firigisi, mjadala umekwisha. Mengine yanaweza kuanza leo: pima vikombe viwili vya maharage, yaoshe, yaloweke kabla hujazima taa.